Mkulima Aliyepiga Picha Theluji ya Mlangoni Pake

 

Juma hili nitawapeleka mbali kidogo, mpaka katika nchi ya theluji, kisha nitawarudisha nyumbani, kwenye shamba la viazi la mama yangu. Safari hizi mbili zinakutana mahali pamoja, nanyi mtapaona tukienda.

Nianze na nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Makete, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, jirani na uwanda wa Kitulo. Wasiofika huko hudhani kwamba nchi yetu yote ni jua na minazi. La hasha. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, mtu wa kwetu halali bila blanketi mbili. Alfajiri nyingine za miezi hiyo majani huamka meupe. Weupe huo si ukungu wala si umande. Ni sakitu, au kama wengi wetu tusemavyo, barafu. Ukiikanyaga inalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Jua likipanda kidogo, huioni tena.

Julai mwaka jana nilikwenda likizo. Asubuhi moja nilitoka nje kabla ya jua, nikakuta bonde lote limekuwa jeupe. Nikakimbilia simu yangu, nikaanza kupiga picha: majani ya ukoka, utando wa buibui uliojaa chembe ndogo ndogo, na majani ya viazi mviringo yaliyopambwa pembeni kama kwa uzi wa fedha. Nilifurahi kama mtoto. Mama alikuja nyuma yangu, amejitanda shuka, akasimama akitazama. Kisha akasema: "Mwanangu, unapiga picha hasara?"

Nilinyamaza. Ilipofika saa nne, majani yale ya viazi yalikuwa yamelala chini, meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikauliza: jambo hili hutokea mara ngapi? Mama akasema kila baada ya miaka michache. Mjomba akasema hapana, huja kila mwaka, ila haliji bonde lile lile. Jirani akasema sakitu kubwa ya mwisho ilikuja mwaka alioozesha binti yake wa pili. Na tulipomtaka autaje mwaka wenyewe, yeye na mkewe wakaanza kubishana. Yamkini marehemu baba angejua. Alikuwa mtu wa kutoka nje usiku, akatazama nyota, akanyosha mkono hewani, kisha akatuamsha tukafunike miche kwa nyasi. Mara nyingi hakukosea. Lakini hakuandika, na mimi sikumwuliza. Zaidi ya miaka 20 nimekaa mbele ya kipaza sauti nikisoma habari za baridi ya Ulaya na tufani za Asia, na sikuwahi kuandika tarehe hata moja ya sakitu ya kwetu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bwana Bentley.

Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kijiji hicho kiko kwenye vilima vilivyo chini ya milima iitwayo Green Mountains, si mbali na Mansfield, mlima mrefu kuliko yote ya jimbo hilo. Huko majira ya baridi si suala la blanketi mbili. Theluji huanguka miezi kwa miezi, ikafunika njia, paa na nyua za ng'ombe. Bentley alikuwa mkulima na mfuga ng'ombe wa maziwa, mtoto wa mkulima. Hakuoa. Aliishi maisha yake yote katika nyumba ile ile ya shambani, na humo humo ndimo alimofia.

Elimu yake ya utotoni aliipata hasa kwa mama yake, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule. Mama huyo alikuwa na hadubini, yaani ile darubini ya kutazamia vitu vidogo, na kijana alipotimiza miaka 15 akampa aitumie. Watoto wengine wangeweka chini yake mdudu au unyoya. Bentley aliweka kile kilichokuwa kikianguka mlangoni pao bila bei, yaani theluji.

Alichokiona kilimshika maisha yake yote. Kila chembe ya theluji ilikuwa na umbo lake, na aghalabu ilikuwa na pembe sita: nyota, ua, gurudumu, au bamba dogo kama kioo kilichochongwa na sonara. Akajaribu kuzichora. Majira matatu ya baridi alichora, lakini theluji ilimshinda mbio. Kabla hajamaliza mchoro, kielelezo chake kilikuwa kimekwisha kuwa tone la maji.

Basi akawaomba wazazi wake kamera. Iligharimu yapata dola 100, fedha nyingi mno kwa mkulima wa siku zile. Baba yake aliinunua, ingawa kwa kadiri Bentley mwenyewe alivyosimulia baadaye, mzee yule hakuacha kuona kwamba kuhangaika na theluji ni upuuzi. Kijana akaiunganisha kamera na hadubini, akajaribu na kushindwa, akajaribu tena. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kufanya kazi hiyo kwa ukamilifu.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya, maana nadhani wengi mnajiuliza: kitu kinachoyeyuka kwa pumzi ya mtu, kinapigwaje picha?

Kwanza, alifanya kazi katika banda lisilo na moto. Kila kitu, kuanzia kamera na vioo hadi mikono yake yenyewe ndani ya glavu nene, kilipaswa kuwa baridi kama theluji. Pili, alisimama mlangoni na sinia jeusi mpaka chembe chache zikaliangukia. Alizitazama upesi. Zilizovunjika alizifuta akaanza upya. Akiona nzuri, aliinyanyua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kipande cha kioo, akaibandika taratibu kwa unyoya wa ndege. Wakati huo wote alizuia pumzi. Tatu, aliielekeza kamera kwenye mwanga wa mchana, ili mwanga upenye ndani ya chembe na kuonyesha michoro yake yote, kisha akafungua lenzi. Hakukuwa na filamu ya kuzungusha. Picha ilinaswa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa. Usiku alilisafisha bamba lile kwa maji ambayo katika baridi ya kwao yalitaka moyo kuyagusa.

Hivyo ndivyo alivyofanya majira ya baridi baada ya majira ya baridi, kwa zaidi ya miaka 40. Alipiga picha zaidi ya 5,000. Na hakuishia kwenye theluji. Alipiga picha za sakitu iliyochora madirishani, za umande juu ya majani, za utando wa buibui alfajiri, na za mawingu juu ya milima yao. Kila siku aliandika hali ya hewa: upepo, joto, mawingu, na aina ya chembe zilizoanguka. Picha bila tarehe ni pambo, lakini ikiwa na tarehe na hali ya hewa ya siku ile ni ushahidi.

Je, ushahidi huo unatuambia nini? Swali la kwa nini theluji ina pembe sita ni la zamani. Mwanafalaki Johannes Kepler aliliandikia kijitabu mwaka 1611 na hakulimaliza. Leo twaweza kulijibu. Chembe ya theluji si tone la mvua lililoganda. Huanza na punje ya vumbi iliyo juu sana mawinguni. Mvuke wa maji hujishika kwenye punje hiyo na kugeuka barafu moja kwa moja. Sasa, vijichembe vya maji vinapoganda hushikana kwa mpango maalumu, kama masega ya nyuki, mpango wa pande sita. Kwa hiyo kitu kinachoanza kukua hapo kina pembe sita. Pembe zimechomoza zaidi kwenye hewa yenye mvuke, hivyo hupata mvuke kwanza na kurefuka upesi kuliko pande. Ndipo nyota ya miale sita inapozaliwa.

Umbo lenyewe hutegemea joto na unyevu wa wingu. Jambo hili lilithibitishwa na mtaalamu wa Kijapani, Ukichiro Nakaya, ambaye mwaka 1936, katika chuo kikuu cha Hokkaido, alifaulu kuotesha chembe ya theluji ndani ya maabara, kwenye ncha ya unywele wa sungura. Kukiwa na nyuzi chache tu chini ya sifuri za Selsiasi hupatikana vibamba; kwenye nyuzi kama 5 chini ya sifuri hupatikana sindano; na karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri hupatikana zile nyota kubwa zenye matawi. Nakaya aliifananisha theluji na barua iliyotumwa kutoka angani, maana anayejua kuisoma huambiwa hali ya mawingu ilikotoka.

Hapo ndipo penye jibu la jambo lililompa Bentley umaarufu, kwamba hakuona chembe mbili zinazofanana. Miale sita ya chembe moja hufanana kwa sababu husafiri pamoja katika hewa ile ile. Lakini chembe mbili hupita njia mbili. Moja hupanda, nyingine hushuka. Hii hupita kwenye unyevu, ile kwenye ukavu. Na kila hatua huacha alama. Vile vidogo sana, visivyo na matawi, vyaweza kufanana. Lakini nyota kubwa yenye matawi mengi, nadhani utazeeka ukiitafutia pacha.

Haifai nimsifu mtu bila kutaja na upande wa pili. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimlaumu Bentley. Ili chembe ionekane nyeupe kwenye giza, Bentley alikuwa akikwangua dawa kwenye nakala ya bamba, pembezoni mwa chembe, na Hellmann alisema kwamba kwa kufanya hivyo aliharibu mipaka ya umbo la kweli. Tena Bentley alichagua zile nzuri. Mtu akitazama picha zake atadhani theluji yote ni nyota kamili, kumbe chembe nyingi ni pungufu, zimevunjika au zimeshikamana. Lawama hiyo ina haki yake, nasi wa vyombo vya habari tuikumbuke: anayeshika kamera huchagua, na anachokiacha nje nacho ni habari.

Majirani zake walimchukuliaje? Wengi walimwona mtu mpole mwenye wazimu wake mdogo. Picha aliziuza senti 5 kila moja. Akiwa mzee alikadiria kwamba kazi ile ilimgharimu dola 15,000 kwa muda na vifaa, naye alipata kwayo chini ya dola 4,000. Kwa hesabu ya duka, ni hasara. Bwana Bentley naye, kama mimi na simu yangu, alikuwa akipiga picha hasara.

Hata hivyo, Novemba 1931 kitabu chake kilitoka, alichokiandaa pamoja na mwanafizikia W. J. Humphreys, kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Majuma machache baadaye Bentley alirudi nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji, akashikwa na kichomi, na tarehe 23 Desemba mwaka huo huo akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 66. Kitabu chake kinatazamwa hadi leo.

Kuna kazi yake moja ambayo kila msikilizaji mwenye sufuria anaweza kuirudia. Kuanzia mwaka 1898 hadi 1904 Bentley alitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua. Hakuwa na mashine. Alichukua chombo kipana, akachekecha ndani yake unga laini wa ngano wenye kina cha kama sentimita mbili na nusu, akautoa mvuani kwa sekunde chache, kisha akaufunika. Kila tone lililoanguka lilitengeneza kidonge cha unga. Vilipokauka akavipima. Ili asijidanganye, kwanza aliangusha matone aliyoyajua ukubwa wake, akaona yanatoa vidonge vya ukubwa gani. Kwa njia hiyo alikusanya vipimo 344, na akaona kwamba matone makubwa kabisa hufikia kiasi cha milimita 6. Nimejaribu mwenyewe na watoto, na unga ulibaki tukapika chapati.

Sasa turudi bondeni kwa Mama. Sakitu ni ndugu wa theluji. Nayo ni mvuke uliogeuka barafu, ila hii haiji kutoka mawinguni. Hujishika papo hapo kwenye jani. Mchana ardhi hupokea joto la jua, usiku hulirudisha angani. Mawingu yakiwapo huwa kama blanketi, yanazuia joto lisipotee lote. Usiku usio na mawingu wala upepo, wenye nyota nyingi na hewa kavu, joto huenda zake. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo sababu viazi vya vinyungu, yaani mashamba yetu ya bondeni yanayolimwa kiangazi, huungua wakati vya ubavuni mwa mlima vimepona. Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda huharibu jani kwa ndani, na jua likichomoza linalegea na kuwa jeusi. Marehemu baba hakuwa mchawi basi. Aliposoma nyota na kunyosha mkono, alikuwa anapima mawingu na upepo.

Tofauti yake na Bentley ni kalamu.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba elimu isiyoandikwa si elimu. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu hicho ila "baridi", na alikuwa amesema kweli. Rebmann alipoandika habari hiyo, wasomi wa London, akiwamo Desborough Cooley, walimcheka, wakisema hapawezi kuwa na theluji karibu na ikweta. Waliokaa mbali walibisha. Waliokaa chini ya mlima walijua.

Lakini ujuzi huo wa kuona tu hauwezi kutuambia barafu imepungua kiasi gani. Hilo tunalijua kwa sababu mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda na kamera, na picha zao zikatumika kuchora ramani ya barafu yote ya Kilimanjaro. Wakati huo ilienea karibu kilomita 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Wataalamu wanataja ukavu wa hewa na kuongezeka kwa joto. Bila picha zile za zamani, leo tungekuwa tunabishana kama jirani yangu na mkewe juu ya mwaka wa harusi.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nilipoondoka Makete nilinunua daftari la shule dukani, nikampa mtoto wa dada yangu aliye darasa la sita. Tumekubaliana kwamba kila alfajiri ya Juni, Julai na Agosti aandike: tarehe, mawingu yapo au hayapo, upepo upo au haupo, sakitu imeonekana au haikuonekana, na bonde gani. Siku ya sakitu apige picha kwa simu ya mama yake, kila mara akisimama mahali pamoja, penye jiwe lile lile. Haimgharimu zaidi ya dakika tano. Baada ya miaka kumi, mtu akiuliza pale kijijini kama vinyungu vya bonde fulani vipandwe mapema au vichelewe, patakuwa na kitu cha kufungua na kusoma.

Ninyi mnaoishi Njombe, Mbeya, Lushoto, Limuru, Kericho au mlima wowote ule wenye baridi, nawaomba mfanye hivyo hivyo. Wa pwani waandike siku ya mvua ya kwanza na siku pepo zilipogeuka.

Mama amenipigia simu juzi. Ameniambia mjukuu wake anamwamsha kila alfajiri kwa kufungua mlango, na baridi inaingia ndani. Kisha akasema ukurasa wa kwanza umejaa, na kwamba sakitu imeonekana mara mbili, zote bondeni, na mara ya pili waliwahi kufunika viazi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.